Mwanangu ana miaka 11 na hajafika sentimita 130: tuanze sindano za homoni ya ukuaji?

*“Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 11 na ana sentimita 128. Darasani ndiye mfupi kuliko wote, na mdogo wake wa miaka 9 anakaribia kumpita. Alizaliwa na kilo 3.1, anakula vizuri na haumwiumwi. Alipokuwa na miaka 9 alikuwa na sentimita 119, alipofika 10 akawa na 124. Tulimpima wenyewe nyumbani kwa tepu. Mimi nina sentimita 156, baba yake 168, na husema yeye pia alikuwa mfupi mpaka alipofika miaka 16 ndipo akarefuka ghafla. Daktari alimpiga mtoto eksirei ya mkono wa kushoto akasema mifupa yake ni ya mtoto wa miaka 9, sasa anataka afanyiwe kipimo cha kuchochea homoni. Shangazi yake anasema sindano hizo huleta saratani. Rafiki wa familia anasema tusipoteze muda na vipimo, anaweza kutupatia sindano zenyewe, maana mifupa ikishafunga basi tena. Nimeona pia poda za kuongeza urefu. Tuanze sasa au tusubiri?”*

Mama, nianze na jibu lenyewe: msimchome sindano yoyote kwa sasa, lakini pia msikae tu mkingoja. Kuna vipimo vya damu vinavyotakiwa kutangulia, kuna kumpima urefu upya kwa usahihi, na kuna hicho kipimo cha kuchochea homoni, ambacho kikifanywa vibaya kwa mvulana wa umri wake hutoa jibu la uongo. Muda mnao. Eksirei hiyo hiyo iliyokutia hofu ndiyo inayoonyesha kwamba mnao, na nitaeleza kwa nini.

Swali lako limebeba hofu tatu kwa pamoja. Je, mtoto ni mgonjwa? Je, amepungukiwa homoni? Je, muda unatuishia? Tuzitenganishe, kwa sababu mtoto anaweza kuwa mfupi sana bila ugonjwa wowote, anaweza kuwa mgonjwa huku homoni yake ya ukuaji ikiwa tele, na anaweza kupungukiwa homoni hiyo huku miaka kadhaa ya kukua ikiwa bado iko mbele yake.

Tutazame namba. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, inayotumika kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, mvulana wa katikati mwenye miaka 11 ana takriban sentimita 143, na mstari ambao chini yake mtoto huitwa mfupi uko karibu na 130. Mstari huo ni wa kihesabu tu. Katika kila watoto 100 wenye afya, wawili au watatu watakuwa chini yake. Kuwa chini ya mstari ni sababu ya kuchunguza. Ugonjwa wenyewe bado haujathibitishwa.

Sasa angalia alikotoka. Kwa miaka 9 mstari huo uko karibu na sentimita 120, kwa miaka 10 karibu na 125. Yeye alikuwa na 119, kisha 124, sasa 128. Kwa miaka miwili ametembea sambamba na mstari, chini yake kidogo, bila kuporomoka. Katika yote uliyoandika, hili ndilo linalonipa moyo zaidi. Mtoto aliyepungukiwa homoni kwa kiwango kikubwa, au ambaye tezi yake ya shingo imelegea, au mwenye uvimbe unaobana pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), huiacha njia yake: mwaka huu yuko chini kidogo, mwakani chini zaidi, na pengo na wenzake linazidi kupanuka kila anapopimwa.

Ndiyo maana sisi hutazama kasi kuliko urefu wa siku moja. Mwaka wa kwanza wa maisha mtoto hurefuka kama sentimita 25, wa pili kama 12, na kuanzia miaka 4 hadi balehe sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Karibu na balehe kasi hupungua kidogo kabla ya kupanda kwa nguvu, na mvulana anayechelewa kubalehe anaweza kushuka hadi 4 au pungufu kidogo. Sentimita 4 za mwanao kwa mwaka uliopita ziko mpakani kabisa. Zikiwa kweli ni 4, huenda ni mpunguo huo wa kabla ya balehe. Zikiwa 3, hadithi inabadilika. Na tepu ya nyumbani haiwezi kututofautishia 4 na 3, kwa sababu kosa la sentimita moja ni la kawaida kabisa kwenye vipimo vya nyumbani, na kasi ya mwaka hubeba makosa ya vipimo viwili.

Kwa hiyo mpimeni upya. Kliniki yenye kipimo cha urefu kilichofungwa ukutani ni bora, lakini hata nyumbani mnaweza kupima vizuri mkizingatia haya. Avue viatu na soksi, na nywele zilizofungwa juu zifunguliwe. Asimame kwenye sakafu ngumu, ukuta usiwe na ubao unaojitokeza chini. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, magoti yanyooke, na uso utazame mbele kiasi kwamba ukingo wa chini wa jicho uwe sawa na tundu la sikio. Kidevu kikiinuliwa kidogo tu kipimo huharibika. Shusha kitu bapa chenye pembe mraba, kitabu kigumu kinatosha, kiguse kichwa huku upande mmoja umelala ukutani. Pima mara tatu, kila mara akitoka na kurudi, chukua wastani. Pima asubuhi kila safari, kwa sababu diski za uti wa mgongo hubonyea mchana kutwa na mtoto yule yule anaweza kupungua karibu sentimita moja ifikapo jioni. Rudia baada ya miezi 6. Kumpima kila wiki hakuna faida, kunamtia mtoto wasiwasi bure.

Kingine ni urefu mliomrithisha. Kwa mvulana tunajumlisha urefu wa baba na wa mama, tunaongeza 13, tunagawa kwa 2. Kwenu ni 168 + 156 + 13, ambayo ni 337, nusu yake 168.5. Kwa msichana tungetoa 13 badala ya kuongeza. Watoto wengi wa wazazi kama ninyi huishia ndani ya sentimita 8 hivi juu au chini ya hapo. Urefu wa mtu huamuliwa na tofauti ndogo ndogo nyingi mno za kijeni. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya watu milioni 5, ulizihesabu zaidi ya 12,000. Kutoka kwenu hatutarajii mtoto wa sentimita 185, na hakuna sindano inayobadilisha hilo.

Mfupa hurefuka vipi

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa homoni ya ukuaji. Haiitoi kwa mfululizo. Huitoa kwa mafungu, na mafungu makubwa hutoka usiku, usingizi mzito unapoanza. Mchana, kati ya fungu na fungu, kiwango kwenye damu ya mtoto mwenye afya kamili huweza kuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo kumtoa damu saa nne asubuhi na kusoma “homoni ya ukuaji: chini” hakuna maana yoyote, ingawa kipimo hicho huuzwa sana. Mtu akikuletea jibu la namna hiyo, liweke kando.

Homoni ikishatoka hufika kwenye ini na tishu nyingine, nazo hutengeneza kijumbe cha pili kinachoitwa IGF-1. Hicho hukaa kwenye damu kwa kiwango kilichotulia mchana na usiku, kwa hiyo kukipima mara moja kuna maana. Lakini IGF-1 hushuka pia kwa lishe duni, kwa ugonjwa wa ini, kwa tezi ya shingo kulegea, na huwa chini kwa mtoto ambaye hajabalehe. Inatakiwa isomwe kwa kulinganisha na umri wake, jinsia yake na hatua yake ya balehe.

Homoni hizi mbili hufanya kazi kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na kila ncha ya mfupa mrefu. Seli za gegedu hujigawa, huvimba, kisha hugeuka mfupa, na mfupa hurefuka. Tabaka hilo likishageuka mfupa lote, urefu umekwisha, na rafiki yenu yuko sahihi hapo. Asichokijua ni kinacholifunga. Linafungwa na estrojeni, homoni inayojulikana zaidi kuwa ya kike, kwa wavulana na kwa wasichana. Mwili wa mvulana hugeuza sehemu ya testosteroni yake, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari walichapisha habari za mwanamume wa miaka 28 mwenye sentimita 204 aliyekuwa bado anarefuka, kwa sababu seli zake hazikuweza kuitikia estrojeni. Kinachofunga mifupa ni balehe. Kalenda ya kuzaliwa haiifungi.

Mwanao bado ana mifupa ya mtoto wa miaka 9. Balehe kwa kawaida hufuata umri wa mifupa kuliko umri wa kuzaliwa, kwa hiyo huenda ana miaka kama miwili zaidi ya kukua kuliko wanafunzi wenzake. Na ukimlinganisha na wavulana wa miaka 9, ambao mtu wao wa katikati ana sentimita 132 hadi 133, mwenye 128 yuko ndani ya kawaida kabisa. Makadirio ya namna hiyo yanamfikisha karibu na sentimita 170 ukubwani, jirani na urefu mliomrithisha. Ukiongeza kwamba baba yake alichelewa hivyo hivyo, picha inayojitokeza ni ya mtoto anayechelewa kukomaa kwa maumbile ya ukoo. Hao hubalehe baadaye, hurefuka baadaye, na wengi hufika kwenye urefu wa familia yao.

Hata hivyo nakuomba usiichukue eksirei hiyo kama hukumu. Daktari huilinganisha picha ya mkono na picha za kitabu cha marejeo, na wasomaji wawili wanaweza kutofautiana hata kwa mwaka mzima. Makadirio ya urefu wa mwisho yanaweza kukosea kwa sentimita 5 au zaidi, na kwa watoto waliochelewa sana huwa na matumaini kupita kiasi. Tena mifupa huchelewa pia kwa mtoto mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji, na kwa mwenye tezi ya shingo iliyolegea, na kwa mwenye ugonjwa sugu. Eksirei inasema muda upo. Haisemi chanzo.

Vipimo vya kutangulia

Kabla ya kipimo cha kuchochea, hakikisha haya yamefanywa: hesabu kamili ya damu, kipimo cha damu cha mchochota mwilini (kama ESR au CRP), figo na ini, madini ya kalisi na fosfeti, homoni za tezi ya shingo (TSH, ambayo pituitari huitoa kuiamrisha tezi hiyo, na T4 huru, ambayo tezi yenyewe huitoa; zote mbili), IGF-1, mkojo, na kingamwili za ugonjwa wa seliaki. Huu wa mwisho husahauliwa mno. Ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, huchochea kinga ya mwili kuharibu utumbo. Mtoto anaweza asiharishe wala asilalamike tumbo, dalili pekee ikawa hakui. Asiache kula ngano kabla ya kipimo, la sivyo kingamwili hupungua na jibu likapotosha.

T4 huru naisisitizia kwa sababu maalumu. Kama pituitari yenyewe ndiyo mbovu, TSH inaweza kuonekana ya kawaida huku T4 iko chini. Anayetazama TSH peke yake atalikosa tatizo. Na mtoto ambaye tezi yake ya shingo imelegea atashindwa hata kipimo cha kuchochea homoni ya ukuaji, kisha apewe sindano ghali ilhali alihitaji kidonge kimoja kwa siku.

Daktari pia amtazame mwili mzima: uwiano wa mikono na kiwiliwili, uti wa mgongo, meno, hatua ya balehe. Korodani hupimwa kwa shanga za ukubwa tofauti, na mililita 4 ndiyo alama kwamba balehe imeanza. Ajulishwe dawa zote anazotumia, pamoja na zile za kuvuta za pumu na za kupaka zenye steroidi, kwa sababu steroidi nyingi kwa muda mrefu hupunguza kasi ya ukuaji. Wasomaji wenye binti mfupi, kwenu kuna kipimo kimoja zaidi kisichokosekana: kromosomu. Sindromu ya Turner, ambamo kromosomu X moja haipo au ina kasoro, humpata takriban msichana mmoja katika 2,000 hadi 2,500, na ufupi unaweza kuwa dalili yake pekee ya wazi utotoni.

Kipimo cha kuchochea, na mtego wake

Kwa sababu homoni hutoka kwa mafungu, tunailazimisha itoke. Mtoto hufunga kula usiku, huwekewa sindano ya mshipa, hupewa dawa ya kuchochea kama klonidini, aginini, glukagoni au insulini, kisha damu huchukuliwa kila nusu saa hivi kwa saa mbili hadi tatu. Kinachotazamwa ni kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa. Zamani mpaka ulikuwa nanogramu 10 kwa mililita. Vituo vingi vyenye mashine za kisasa sasa hutumia 7 au jirani na hapo. Kwa kuwa kila dawa huwaangusha baadhi ya watoto wenye afya, upungufu kwa kawaida hautangazwi mpaka mtoto ashindwe vipimo viwili tofauti. Insulini hushusha sukari kwa makusudi, na glukagoni inaweza kuishusha baadaye mtoto akiwa njiani kurudi nyumbani, kwa hiyo kazi hii ifanyike mahali penye wauguzi walioizoea, na mtoto ale kabla ya kuondoka.

Mtego uko hapa. Mvulana wa miaka 11 ambaye hajabalehe ana homoni za balehe kidogo sana, na bila hizo pituitari huwa na usingizi. Wavulana wengi wenye afya wa aina yake hushindwa kipimo hiki. Ndiyo maana wataalamu wengi hutanguliza maandalizi kwa wavulana waliopita miaka 11 na wasichana waliopita 10 ambao balehe haijaanza: dozi ndogo ya estrojeni kwa siku mbili hivi, au sindano moja ya testosteroni karibu wiki moja kabla. Si madaktari wote wanaokubaliana juu ya jambo hili, lakini kwa mtoto mwenye sura ya kuchelewa kama wako mimi ningeyataka. Muulize daktari wako wazi: “Atapewa maandalizi ya homoni kabla ya kipimo? Na mpaka wa maabara yenu ni ngapi?” Swali hili moja linaweza kumwepusha mwanao na miaka mitano ya sindano asizozihitaji. Unene mwingi nao hushusha jibu, ingawa sidhani unamhusu.

Akishindwa kweli, picha ya MRI ya ubongo na pituitari ni lazima kabla ya matibabu. Upungufu wa homoni ya ukuaji peke yake humpata takriban mtoto mmoja katika 4,000 hadi 10,000, na mara nyingi chanzo hakionekani, lakini wachache wana uvimbe, na uvimbe ndio kitu ambacho hatutaki kukichomea homoni gizani.

Na kama vipimo vyote vya damu ni safi, IGF-1 ni ya kawaida kwa hatua yake, na kasi ya miezi 6 ijayo ikiendana na sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka, ningeona ni halali kabisa kuahirisha kipimo cha kuchochea na kuendelea kumfuatilia. Mwambie daktari wazo hili, si kumpinga.

Kuhusu saratani

Hofu ya shangazi ina mizizi ya kweli, ingawa imepotea njia. Homoni ya kwanza ya matibabu, iliyoripotiwa na Maurice Raben wa Marekani mwaka 1958, ilikamuliwa kutoka pituitari za maiti. Mwaka 1985 ikagundulika kwamba vijana waliotibiwa nayo utotoni walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo, uliobebwa na tezi hizo. Ufaransa iliumia zaidi, vifo vikapita 100. Dawa hiyo ilisimamishwa Marekani, na mwaka huo huo ikaidhinishwa homoni inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Inayotumika leo ni ya aina hii, na haitoki kwenye maiti.

Juu ya saratani yenyewe, utafiti wa Ulaya ulifuatilia watu zaidi ya 24,000 katika nchi 8 waliotibiwa utotoni. Matokeo ya vifo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha ongezeko kwa wale waliokuwa na upungufu wa homoni pekee au ufupi usio na chanzo. Waliotangulia kuwa na magonjwa mazito, ikiwemo saratani, walikuwa na hatari zaidi, na sehemu kubwa yake inatokana na magonjwa hayo yenyewe. Mtoto mwenye saratani hai hapewi homoni hii, na aliyewahi kutibiwa saratani hujadiliwa na daktari wake wa saratani kwanza.

Madhara tunayoyaangalia hasa ni mengine. Maumivu makali ya kichwa na kuona ukungu katika wiki za mwanzo, kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Kuchechemea, au maumivu ya nyonga au goti, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye gegedu linalokua kwa kasi. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo uliokwisha kupinda unaweza kuzidi kupinda, sukari inaweza kupanda, na tezi ya shingo iliyokuwa dhaifu kujifichua.

Homoni ikihitajika, inafanya nini

Kwa aliyepungukiwa kweli, faida ni kubwa: mwaka wa kwanza wengi hurefuka sentimita 8 hadi 12, na wakianza mapema hufika jirani na urefu wa familia. Kwa msichana wa Turner faida ya mwisho ni kama sentimita 5 hadi 8. Kwa mtoto mfupi asiye na upungufu wala chanzo kinachojulikana, ambaye Marekani iliruhusu atibiwe mwaka 2003 lakini Ulaya haikuruhusu, wastani ni kama sentimita 4 hadi 6 baada ya miaka 4 au 5 ya sindano za kila siku, na wengine hawapati kitu. Sentimita 5 kwa sindano zaidi ya 1,500: huo ndio mzani wenu kama ataangukia kundi hilo, na mtoto mwenyewe awe na kauli.

Dozi kwa mwenye upungufu ni mikrogramu 22 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 25 hupata kati ya miligramu 0.55 na 0.9 hivi, kila jioni, chini ya ngozi ya paja, tako au tumbo, mahali pakibadilishwa kila siku ili mafuta ya chini ya ngozi yasiliwe. Baada ya kubonyeza, sindano hubaki ndani kwa sekunde 10. Dawa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda barafu imekufa, hata kama inaonekana safi, na haitikiswi. Kukosa dozi moja kwa wiki ni kukosa 52 kwa mwaka, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayoitafuta mtoto asiporefuka. Marekani ilianza kuidhinisha aina za kuchomwa mara moja kwa wiki mwaka 2021, ingawa hazijafika kila mahali. Urefu hupimwa kila miezi 3 hadi 6, na IGF-1 angalau mara moja kwa mwaka ili dozi isipite kiasi.

Sasa unaona kwa nini sindano za rafiki yenu zinanitisha. Hamjui chupa ilikaa kwenye joto kwa siku ngapi wala ndani kuna nini. Chupa nyingine huandikwa vizio vya kimataifa na nyingine miligramu. Miligramu 1 ni vizio 3, na anayekosea hapo humpa mtoto mara tatu ya dozi au theluthi yake. Na kubwa kuliko yote, sindano inaweza kumrefusha kidogo mwaka wa kwanza na kuuficha ugonjwa ambao tungeuona kwa kasi yake kushuka. Poda nazo hazina kinachofikia gegedu la mfupa. Mtoto asiyepungukiwa lishe haongezi urefu kwa vitamini. Baadhi ya bidhaa za kujenga misuli zimekutwa na steroidi za kujenga misuli (si zile za pumu) ambazo hazikuandikwa, na hizo zinaweza kufunga mifupa mapema, yaani kumfanya mfupi wa kudumu.

Ikija kuthibitika kwamba anachelewa tu kama baba yake, bado kuna msaada. Balehe isipoanza kufikia miaka 14, tunaweza kumpa testosteroni ya dozi ndogo, mara nyingi miligramu 50 kwa mwezi kwa miezi 3 hadi 6. Huamsha balehe na kuongeza kasi, na kwa dozi hiyo haipunguzi urefu wa mwisho. Kabla ya hapo, mwambieni kwa maneno ya kawaida kwamba mwili wake una ratiba iliyochelewa. Baba yake amsimulie ya kwake. Mtendeeni kama mtoto wa miaka 11, nguo na majukumu ya miaka 11. Kinachowaumiza watoto hawa mara nyingi ni watu wazima kuwafanya wa miaka 8. Kama anataniwa mpaka hataki shule, hilo nalo ni sababu ya kuonana na daktari mapema.

Mtafute daktari wa homoni za watoto, na siku ya miadi beba vipimo vyote vya urefu na uzito mlivyonavyo tangu kuzaliwa, kadi ya kliniki ya utotoni, urefu wenu wawili mliopimwa (msitaje kwa kukumbuka), umri ambao wewe na baba yake mlibalehe, na picha yenyewe ya eksirei, kwa sababu maandishi peke yake hayatoshi na daktari atataka kuisoma mwenyewe.

Msingoje miadi kama ataanza kuumwa kichwa asubuhi na kutapika, kama hagundui vitu vilivyo pembeni mwa macho, au kama anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida hata usiku. Dalili hizo zinaweza kutoka kwenye uvimbe karibu na pituitari, na apelekwe hospitali siku hiyo. Ndani ya wiki chache apelekwe kama ananenepa huku urefu umesimama, kama anapungua uzito au anaharisha kwa muda mrefu, au kama kipimo cha miezi 6 kitaonyesha ameongeza chini ya sentimita 2.